Zima swichi kuu mchana kweupe

Mimi ni fundi wa kituo cha afya kimoja pembezoni mwa Dodoma. Kwa miaka mingi, kila Ijumaa asubuhi niliwasha jenereta, likanguruma dakika tano, nikatia tiki kwenye daftari, nikazima. Daftari lilipendeza kweli.

Siku umeme ulipokatika, saa mbili usiku, jenereta liliwaka bila shida. Likabeba taa za wodi ya wazazi, friji ya chanjo na pampu ya kupandisha maji. Haikufika robo saa, likaanza kukohoa, likazima. Nikafungua chujio la dizeli kwa mwanga wa simu: uji mweusi, na maji chini yake. Dizeli ilikuwa imelala kwenye tenki tangu masika. Zile dakika tano zangu, tena bila mzigo, zisingenionyesha hilo hata miaka kumi. Muuguzi wa zamu, dada mpole kuliko wote pale, akasema, "Fundi, kumbe hili linangurumia daftari."

Chanjo zilipona. Hakuna aliyefungua friji, na kipimajoto hakikutoka kati ya nyuzi 2 na 8. Kilichotuumbua ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima vya Mzakwe, na pampu za kule zinataka umeme. Giza likiwa refu, bomba nalo linakauka, hata uwe na jenereta la ukubwa gani. Na mvua usiitegemee: ikiaga Aprili au Mei, hadi Novemba huko ni vumbi tu.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na nini, anza na simtanki juu ya mnara, maji yashuke yenyewe bila pampu. Jenereta baadaye. Dizeli nunua kidogo kidogo, na tope la chini ya tenki limwage.

Halafu mara moja kwa mwezi zima swichi kuu, mzigo wote uhamie kwenye jenereta kwa saa nzima. Mganga mfawidhi alinijia juu: "Unatukatia umeme kwa makusudi?" Ndiyo dokta, kwa makusudi, wauguzi wakijua, mimi nikiwa na spana mkononi.

Mwezi uliopita lilikwenda dakika arobaini, likachemka. Panya alikuwa amejenga kiota mbele ya rejeta. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikitoa kwa mkono, tukaendelea na kazi.