Jirani kaziba njia ya kwenda mwaloni

Mdogo wangu wa Kayenze, huko Mwanza kando ya Ziwa Victoria, unasema mnunuzi mpya wa kiwanja kazungusha uzio wa seng'enge hadi majini, kaziba njia ya mwaloni, pale mitumbwi inapopakulia samaki, na akina mama wa dagaa sasa wanazunguka mbali na mabeseni kichwani. Unauliza kama mnaweza kuukata usiku. Msiukate. Mkiukata, kesi inageuka kuwa ya kuharibu mali, na yeye ndiye mlalamikaji.

Kwanza pimeni umbali kutoka maji hadi uzio. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na nguzo za zege za uzio si kitu cha msimu, ni za kudumu! Piga picha kamba ya kupimia ikiwa imenyooka, maji yaonekane.

Njia yenyewe ni hoja nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua njia za umma, lakini lazima muioneshe. Tafuteni wazee walioipita tangu utotoni, waandike majina. Hata mwembe uliochakaa gome kwa watu kuegemeza baiskeli ni ushahidi; sisi kwetu, tulipozibiwa njia kama ninyi, ulitusaidia.

Barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa ofisa mazingira wa manispaa, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Likishindwa, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ila kabla ya yote hayo, mfuateni mnunuzi mwenyewe, mkiwa na wazee wawili. Aliyetuzibia sisi aliacha kigeti upana wa beseni.