Re: Nikitoa kamera kijijini watu wanaganda, nifanyeje?

Mkuu, hapo kwenye watu kuganda na kupozi dawa ni muda tu, hakuna lensi itakayokusaidia. Mcheki mpiga picha W. Eugene Smith, mwaka 1948 jarida la Life lilimtuma Kremmling, kamji kadogo huko Colorado, Marekani, akampige picha daktari wa pale, Ernest Ceriani, sasa jamaa mwanzoni alikuwa anabonyeza tu kamera bila filamu ndani ili daktari amzoee, akashinda naye wiki kama tatu hivi, ndo maana ile picha ya daktari kasimama jikoni na kikombe cha kahawa baada ya upasuaji unaona kabisa mtu kachoka, hajapangwa.

Halafu usifyatue ovyo. Kuna warsha ya picha huko Missouri, Marekani, ilianza 1949, inahamahama miji midogo, mshiriki anapewa fremu (yaani picha) 400 tu basi.

Kwa hiyo we chagua mtu mmoja, fundi cherehani au mwenye mashine ya kusaga, shinda naye toka asubuhi. Ila mwenyekiti wa kijiji mpitie kwanza, la sivyo watasema umetumwa kupima viwanja hahaha