Dada wa Section 58, usimwage hiyo asidi

Usimwage. Funika hiyo chupa ya hadiwea, iweke juu watoto wasifike, kisha soma hapa. Umeuliza utando mweupe wa sabuni utoke vipi kwenye sakafu ya bafu, kwenye hodhi la kuogea na kwenye mlango wa kioo, nyumba ya kupanga huko mtaa wa Section 58, Nakuru. Walionitangulia hapa wamekujibu kwa mstari mmoja mmoja: asidi, dakika tano, kwisha. Ningepita tu, lakini umesema sakafu yako ni "ile ya vijiwe vidogo vidogo inayong'aa". Hiyo ni terazo, dada. Hakuna aliyekuuliza hata hilo kabla ya kukupa dawa!

Terazo ni vipande vya marumaru vilivyochanganywa na simiti, vikasagwa kwa mashine hadi vikalainika. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, na simiti nayo imejaa kalisiamu. Asidi ya hadiwea kwa kawaida ni haidrokloriki, na ikigusa mawe ya aina hiyo inayala hapo hapo, huku ikitoa gesi ya kaboni dioksidi. Ndiyo maana sakafu inachemka na kutoa povu. Mtu akiona povu anafurahi, anadhani uchafu unang'oka. Kinachong'oka ni sakafu yenyewe.

Mimi niliona povu hilo Kisumu, kwenye nyumba ya zamani Milimani. Maji ya mfereji yanayotoka ziwani ni laini, sabuni inatoa povu vizuri, lakini siku za mgao tulikuwa tukifunguliwa maji ya kisima cha ploti, na hayo ndiyo yaliyoacha utando kila kona. Fundi wa mabomba alikuja kubadilisha koki, akaangalia sakafu, akasema hilo ni jambo dogo, ana dawa ambayo hoteli zote zinatumia. Akaitoa kwenye begi, chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa upya. Kabla mtu hajaniambia ningesoma lebo: lebo haikuwepo. Akaniambia nimwage, niache ikae, nisugue kwa brashi ngumu. Nikafanya hivyo hivyo.

Ikiwa bado mbichi, sakafu ilipendeza. Ilipokauka ikawa ya kijivu, imekufa, na ukipitisha mguu unahisi inakwaruza. Simiti katikati ya vijiwe ilikuwa imeshuka, vijiwe vimebaki vimechomoza. Kifuniko cha shimo la maji, kilichokuwa kinang'aa, kikabadilika rangi. Na hasara haikuishia hapo, kwa sababu sakafu inayokwaruza inashika uchafu kuliko ile laini. Utando ulirudi upesi kuliko zamani, na safari hii ukawa umeingia kwenye vishimo ambavyo brashi haifiki.

Tulipohama, mwenye nyumba alileta fundi wa terazo. Huwezi kusaga kiraka kimoja katikati ya sakafu, kitaonekana milele. Ilibidi bafu lote lisagwe na kupigwa polishi upya. Dipoziti yangu ikamezwa yote, nikaongeza na pesa mfukoni. Yule fundi nilipompigia akasema niliiacha kwa muda mrefu mno. Muda gani alikuwa hajaniambia! Mtu anayelipwa kuingia kwenye mabafu ya watu kila siku na hajui kutofautisha terazo na taili anaharibu nyumba za watu, na jina lake linazidi kupitishwa kutoka jirani hadi jirani kama fundi mzuri. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata pesa.

Halafu kuna yule aliyekushauri uanze na Jik, ile dawa ya kupaukisha nguo, kisha asidi "ili ikolee". Tafadhali, hapana. Jik ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja cha juu. Gesi hiyo inakukuta umeinama unasugua, inachoma macho na mapafu, na watu wamekufa kwa mchanganyiko huo. Hata dawa nyingi za choo zina asidi ndani, kwa hivyo usidhani ni salama kwa vile imenunuliwa supamaketi.

Na floraidi ya maji, ambayo wengine hapa mnailaumu kwa utando huu, haihusiki. Ni kweli visima vya Nakuru vinajulikana kwa floraidi, na ndiyo inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Utando wa bafuni ni kitu kingine: sabuni ya kipande inakutana na kalisiamu na magneziamu zilizomo majini, vinashikana vikawa kitu kama nta kisichoyeyuka kwa maji. Sabuni nyingi za maji za kuogea hazishikani hivyo, kwa hivyo ukibadilisha sabuni tu utaona tofauti.

Sasa kanuni ninayotaka uishike, hata ukisahau mengine yote: tone moja kwanza. Kata ndimu, dondosha tone moja nyuma ya mlango mahali ambapo hakuna anayeangalia, subiri kidogo, pangusa, ikauke. Likitoa povu, au pakabaki doa lililofifia, hapo asidi ya aina yoyote ni marufuku, hata siki, hata ndimu yenyewe. Tone halijabadilisha chochote? Basi siki nyeupe ya kawaida inatosha, ya hadiwea huihitaji. Fanya hivyo kwa kila kitu kipya unachotaka kukisafisha, hata kama aliyekupa dawa ameapa.

Kwa terazo yako, tumia maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mwaga, acha ilainishe, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza, rudia kesho na keshokutwa. Utando wa miaka hautoki kwa siku moja na usiulazimishe kwa waya wa sufuria. Kwenye taili za ukutani zilizopita mtihani wa tone, changanya siki na hiyo hiyo sabuni ya vyombo. Siki inaondoa kalisiamu, lakini inaacha mafuta ya sabuni ukutani, na sabuni ya vyombo ndiyo inayoyabeba. Ukitumia siki peke yake utasema haifanyi kazi. Ila kabla siki haijafika ukutani, lowesha sakafu kwa maji mengi na uendelee kuisuuza, kwa sababu kitakachotiririka kitaishia kwenye terazo.

Dondosha hilo tone leo, kisha weka picha ya hiyo kona hapa kabla hujagusa kitu kingine chochote. Na ile asidi irudishe hadiwea, usiimwage kwenye sinki.