Nani aliona? Majibu kwa maswali yenu kuhusu habari za Gaza

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia jinsi vyombo vya habari vinavyoripoti mauaji ya Israeli na Palestina. Nimechagua hizi chache.

Ndugu mwandishi, kila siku namwona mtangazaji amesimama Jerusalem akieleza yaliyotokea Gaza. Kwa nini asiende mwenyewe? (Msomaji, Unguja)

Hapewi ruhusa. Vita vilipoanza Oktoba 2023, Israeli iliwafungia waandishi wa kigeni milango ya Gaza. Wachache walioingia, karibu wote walipelekwa na jeshi, wakaonyeshwa kile jeshi lilichotaka kionekane, wakarudishwa. Chama cha Waandishi wa Kigeni kilikwenda hadi Mahakama Kuu ya Israeli, na Januari 2024 kikakataliwa.

Kazi yote ikawaangukia waandishi wa Kipalestina, watu wanaopiga picha za majirani zao waliokufa. Julai 2025 mashirika ya AFP, AP na Reuters pamoja na BBC yalitoa tamko kwamba waandishi wao walioko huko wanashindwa kujilisha wao na familia zao. Tarehe 25 Agosti mwaka huohuo Israeli ikaipiga hospitali ya Nasser, Khan Younis. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo waandishi watano, na matangazo ya moja kwa moja ya Reuters yakakatika hapohapo.

Kinachoniudhi ni kwamba marufuku hii, ikitajwa, hutajwa mwishoni kwa pumzi moja, kama yule wa tangazo la redio anayekimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa". Ilipaswa kutangulia. Na Hamas, kundi la Kipalestina lililotawala Gaza, nao si wasafi: Agosti 2014 chama hichohicho cha waandishi kiliwashutumu hadharani kwa kuwatisha na kuwasumbua waandishi waliokuwa Gaza.

Idadi ya waliokufa hutolewa na "wizara ya afya inayoendeshwa na Hamas". Tuiamini kweli? (Msomaji, Nairobi)

Tazama vita vya 2014, ambavyo hesabu zake zilikwisha kukaguliwa na pande zote. Wizara ya Gaza ilitaja vifo 2,310, Umoja wa Mataifa 2,251, Israeli yenyewe 2,125. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ugomvi mkubwa ulikuwa nani kati ya hao alikuwa raia: Umoja wa Mataifa ulisema 1,462, Israeli ikasema 761, huku ikiweka kando wanaume 428 ambao haikuweza kuamua ni raia au wapiganaji.

Basi kuitaja Hamas karibu na takwimu ni haki, msomaji ajue zimetoka wapi. Tatizo ni kwamba jeshi la Israeli likisema limeua "magaidi" kadhaa, idadi hiyo mara nyingi hupita bila onyo lolote, ingawa nayo imetoka kwa mpiganaji mmojawapo na haina orodha ya majina. Mhariri anayemtilia shaka mmoja na amtilie na mwenzake.

Mbona mlinyamaza hospitali ya al-Ahli ilipowaumbua? Dunia nzima ilitangaza kwamba ni bomu la Israeli! (Msomaji, Mwanza)

Sinyamazi, vyombo vikubwa viliteleza vibaya. Usiku wa tarehe 17 Oktoba 2023 mlipuko uliua watu katika hospitali hiyo ya Gaza, na maneno ya maofisa wa Gaza kwamba ni Israeli yaligeuzwa vichwa vya habari kabla ya yeyote kukagua eneo. Siku sita baadaye New York Times ilikiri kwamba iliyategemea mno madai ya Hamas. Uchunguzi wa Human Rights Watch ulisema ushahidi unaelekea zaidi kwenye roketi iliyokosa njia, ya aina inayotumiwa na makundi ya Kipalestina.

Lakini usiishie hapo. Wiki moja kabla ya hapo yalisambazwa madai kwamba Hamas iliwakata vichwa watoto 40, hata Rais Biden wa Marekani akasema ameona picha, kisha Ikulu yake ikalazimika kufafanua kwamba hakuziona. Machi 2025 waokoaji na wahudumu 15 waliuawa Rafah. Jeshi la Israeli lilisema magari yao yalikuja bila taa. Ikapatikana video kwenye simu ya mmoja wa marehemu, taa zinawaka, na jeshi likabadilisha maelezo. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, aliuawa Jenin Mei 2022. Siku ileile viongozi wa Israeli walielekeza kidole kwa Wapalestina wenye silaha. Septemba jeshi likakubali kwamba yaelekea sana risasi ilikuwa yake.

Kauli ya kwanza hupewa ukurasa wa mbele na marekebisho yanatupwa ndani. Vyombo vyetu, vinavyotafsiri mashirika ya nje, mara nyingi hunakili kauli ya kwanza na marekebisho yakija hakuna anayeyatafsiri.

Vijana wetu wawili Watanzania waliouawa tarehe 7 Oktoba mbona hawatajwi? (Msomaji, Arusha)

Walikwenda Israeli kujifunza kilimo. Mwili wa mmoja ulishikiliwa Gaza hadi Novemba 2025. Siku ile ya mwaka 2023, Hamas ilipoishambulia Israeli, waliuawa watu wapatao 1,200, wakiwamo wafanyakazi wa mashambani kutoka Thailand na wanafunzi wa Nepal. Kwenye taarifa nyingi za kimataifa hao walikuwa "raia wa kigeni" tu. Hilo silishangai sana. Ila magazeti yetu, ambayo yangeweza kwenda kukaa na familia na kuandika kurasa nzima, kwa maoni yangu yaliwaandika kwa kifupi mno.

Shikamoo mzee. Nikitumiwa video kwenye WhatsApp nitajuaje ni ya kweli? (Kijana, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Uliza nani aliipiga, wapi, lini. Oktoba 2023 vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vilisambazwa kama vita vya Gaza, na mwaka 2014 picha za Syria na Iraq zilipewa jina la Gaza. Ukikosa majibu, usiisambaze.

Wewe mwenyewe uko upande gani? (Msomaji, Mombasa)

Nadhani Israeli kuendelea kuukalia Ukingo wa Magharibi tangu 1967 ni dhuluma, na nadhani mauaji ya tarehe 7 Oktoba yalikuwa uhalifu. Sasa umejua, zipime aya za juu ukikumbuka hivyo.