Fimbo, mvinyo na Rasi: jibu kwa mzee wa Raskazone

Swali: Mwanangu, nimestaafu na kiinua mgongo kimeshaingia. Tuko wanne: mimi na mke wangu, rafiki yangu wa tangu shule na mkewe. Wanaume tunacheza gofu, handikapu yangu (kile kipimo cha uwezo, kadiri kilivyo kidogo ndivyo bora) ni 19, ya mwenzangu 24. Mke wangu hachezi, hanywi, na nyama isiyo halali hagusi. Shemeji yeye mvinyo anaupenda hasa. Tunataka siku kumi Afrika Kusini mwezi wa Desemba: Johannesburg, hifadhi ya wanyama ya Kruger, Cape Town, halafu uwanja wa gofu wa Fancourt niliouona kwenye televisheni mwaka 2003. Mizunguko sita ya gofu. Tuanze na tiketi za ndege au viwanja? Na fimbo tubebe au tukodi? (Mzee wa Raskazone, Tanga)

Jibu: Shikamoo mzee, na hongera kwa kustaafu salama.

Unisamehe, naanza kwa kukukatalia. Hiyo ni safari ya wiki tatu umeibana kwenye siku kumi. Kutoka Cape Town hadi George, iliko Fancourt, ni zaidi ya kilomita 400, na Kruger iko pembe nyingine kabisa ya nchi. Ni kama mgeni aje Tanga kuogelea, kesho yake umpeleke Kigoma kula migebuka. Mtashinda viwanja vya ndege kuliko viwanja vya gofu. Mimi ningewapeleka Rasi ya Magharibi tu, jimbo la Cape Town: usiku sita Stellenbosch, mji wa mashamba ya mvinyo, usiku mitatu Cape Town, mizunguko minne badala ya sita.

Najua Fancourt itakuuma. Ile Presidents Cup ya 2003, pambano la gofu la timu ya Marekani na timu ya kimataifa, Tiger Woods na Ernie Els wakirudiana shimo baada ya shimo mpaka giza likaingia na timu zikagawana kombe, nani ataisahau? Lakini aliyeuchora uwanja ule, Gary Player, ndiye aliyechora Erinvale pale Somerset West, si mbali na Stellenbosch. Hapo ndipo Els na Wayne Westner walipochukua Kombe la Dunia la gofu mwaka 1996. Kwa hiyo Player utamcheza, na Els utapita alipopita. Ongeza De Zalze, ulio katikati ya mizabibu, na Pearl Valley uliochorwa na Jack Nicklaus, kati ya Paarl na Franschhoek. Mkihamia mjini, malizieni Royal Cape, klabu ya tangu 1885. Wa kuanzia uwe De Zalze, mwili ukiwa bado na uchovu wa ndege.

Desemba iache. Ni likizo yao kubwa, bei zinapanda, na upepo wa kusini-mashariki unakuwa na nguvu hasa. Sisi wa pwani tunadhani kusi tunaijua, lakini ule wa Cape unaweza kuligeuza shimo la fimbo ya namba saba likawa la dreva, ile fimbo ya kupiga mbali kuliko zote, na ukifunga mawingu juu ya Table Mountain gari la kamba halipandi. Juni hadi Agosti nako ni mvua na baridi, maana kule mvua kubwa ni ya kipupwe. Nenda mwishoni mwa Machi au Aprili mwanzoni: upepo umeanza kutulia, mavuno ya zabibu yanaishia, jua lipo. Tazama tu kalenda ya Ramadhani na ya Pasaka kabla hujataja tarehe.

Sasa swali lako lenyewe. Viwanja kwanza, lakini bila kulipa. Mkishakubaliana wiki, mnaomba nafasi za kuanza kwenye viwanja vyote vinne, siku za katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi klabu nyingi huwapa wanachama wao kipaumbele. Wakithibitisha, ndipo mnakata tiketi, mnalipa viwanja, mwisho hoteli. Hoteli Stellenbosch hazikosekani. Saa moja na nusu asubuhi kwenye uwanja mzuri inakosekana. Uliza pia kama wana bei ya wakazi wa SADC. Tanzania imo, lakini usipouliza utaandikiwa bei ya mgeni wa Ulaya.

Na hiyo saa moja na nusu iandike 07:30. Nilikuwa na mteja aliyejaza fomu mwenyewe kwa saa zetu, akaandika 2:10 akiwa na maana ya saa mbili na dakika kumi asubuhi. Akapewa saa nane na dakika kumi mchana, siku ambayo jioni alikuwa ameshalipia chakula cha watu sita. Kumbuka vilevile kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa ya mkononi irudishe nyuma mkishatua.

Njia ya ndege ndiyo inayotesa watu wa umri wenu. Mkipitia Johannesburg, mzigo hauendi wenyewe mpaka Cape Town hata kama stika inasema hivyo. Pale ndipo mnapoingia nchini, kwa hiyo mnapita uhamiaji, mnachukua mabegi kwenye mkanda, mnapita forodha, kisha mnayakabidhi upya kwa ndege ya ndani. Mifuko ya fimbo mara nyingi hutolewa pembeni, kwenye mlango wa mizigo mikubwa, na mzee mmoja anabaki kulinda mabegi huku mwingine anautafuta mlango. Msikubali muda wa chini ya saa tatu kati ya ndege na ndege. Mimi napendelea Dar, Addis Ababa, Cape Town moja kwa moja. Ni kweli unakwenda kaskazini ili urudi kusini, lakini mizigo mnaishika mara moja tu, mkifika.

Fimbo bebeni. Kwa mizunguko minne, za kukodi zinakula hela, na mikono ya uzee imeshazoea vyake. Piga hesabu ya kilo, maana mashirika mengi yanahesabu mfuko wa gofu kama begi mojawapo la kilo 23. Fungua kichwa cha dreva ukifunge ndani ya soksi, na katikati ya mfuko simamisha mti wa fagio ulio mrefu kuliko fimbo zote, ili begi likitupwa kichwa chini upokee mti. Ule mti umeokoa dreva nyingi kuliko mifuko ya bei mbaya. Na nyasi za kule msizishangae: viwanja vingi vya Rasi vina kikuyu, nyasi iliyotoka nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki. Kwenye njia, pale nyasi zilipokatwa fupi, mpira unakaa juu kama umewekewa tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, lakini ukitoka pembeni zinashika shingo ya fimbo. Chukua fimbo fupi, rudi njiani.

Mvinyo uwe baada ya gofu, kamwe usitangulie. Asubuhi mnacheza, mama na shemeji wanapumzika, mchana mnakutana shambani kwa chakula. Siku ya Franschhoek msikodi gari, pandeni ile tramu inayozunguka mashamba, kwani dereva haruhusiwi kuzidi gramu 0.05 za kileo kwa mililita 100 za damu. Shemeji aonje Pinotage, zabibu iliyozalishwa hukohuko Stellenbosch mwaka 1925. Akitaka kurudi na chupa, ushuru unasamehewa kwa lita mbili za mvinyo kwa mtu, yaani chupa mbili za kawaida, za tatu alipe.

Mama asiachwe awe msindikizaji. Siku mbili za Cape Town ni zake: Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa tangu 1794, na mapishi ambayo hatahitaji kutafsiriwa. Sambusa ni sambusa, atjar yao ndiyo achari yetu, na bobotie ni nyama ya kusaga yenye viungo, imefunikwa yai na kuokwa. Mlima upandeni siku ya kwanza isiyo na wingu, msingoje kesho. Tiketi za boti ya Robben Island, kisiwa alikofungwa Mandela, katieni hukuhuku.

Nitumie majina ya wote wanne kama yalivyo kwenye pasipoti, handikapu zenu, na wiki mbili za akiba. Kadi za chanjo ya homa ya manjano zitafuteni leo, maana hizo ndizo hupotea kabatini.