Uliza Mwalimu: Nani alitangulia kuandika, mtunzi au mwenye ghala?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi nafundisha fasihi sekondari, mume wangu ana duka la nafaka. Tumebishana wiki nzima. Mimi nasema maandishi yaliletwa na watunzi na makuhani. Yeye anasema yaliletwa na madeni. Tuamulie. Na mtoto wetu wa darasa la sita anauliza kwa nini saa ina dakika 60, si 100. (Mama Neema, Makambako)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole, mumeo ameshinda.

Twende Uruk, mji wa Wasumeri kusini mwa Iraki ya leo. Huko vilichimbwa vibao vya udongo ambavyo ni kati ya maandishi ya kale kuliko yote, vya miaka ya 3300 hadi 3000 hivi kabla ya Kristo (KK). Ni maelfu, na vingi mno ni mahesabu: shayiri iliyoingia, bia iliyotoka, kondoo, posho za vibarua. Kimoja kinataja vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37, kisha alama zinazosomwa "Kushim". Huenda ni mtu, huenda ni cheo. Kwa vyovyote ndiye aliyebeba dhamana ya ile shayiri. Makuhani nao walikuwamo, lakini kama wenye ghala. Shairi hakuna. Kilicho karibu na somo lako ni orodha za maneno, za vyeo na wanyama na vyombo, ambazo makarani walizinakili tena na tena.

Kabla ya vibao palikuwa na vijiumbo vya udongo: vya duara, vya bapa, vyenye ncha. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat alivipitia kwa miaka mingi makumbushoni, akajenga hoja kwamba kila umbo lilisimamia aina ya mali na kiasi chake. Wapo wanaompinga hapa na pale, ila hatua ya baadaye inaonekana kwa macho. Kwenye miaka ya 3500 KK hivi, huko Uruk na Susa ya Irani, vijiumbo vilifungiwa ndani ya tufe la udongo lenye uwazi na juu yake pakapigwa mihuri, asije mtu akapunguza. Sasa ukitaka kuhakiki, lazima uvunje. Basi wakaanza kubonyeza alama kwa nje, udongo ungali mbichi. Alama zikishakuwa nje, vya ndani vya nini tena? Tufe likawa kibao. Mimi hatua hiyo naihusudu kuliko piramidi zote.

Lipo jambo mumeo atalielewa upesi. Makarani wa Uruk hawakuwa na hesabu moja kwa vitu vyote. Alama ileile ya duara dogo ilikuwa sawa na alama ndogo 10 ukihesabu kondoo, 6 ukipima shayiri, 18 ukipima shamba. Usiwacheke. Marehemu baba aliuza boriti za mikoko Tanga, akizihesabu kwa korija, yaani 20. Mchele nyumbani ulipimwa kwa pishi ya vibaba vinne, kitambaa kwa mkono. Hakuna aliyemwuliza korija ya mchele ni kiasi gani. Kuipata "tatu" tupu, isiyo ya kondoo wala ya shayiri, kulichukua karne nyingi. Ilipofika miaka ya 2000 KK hivi, makarani walikuwa na mfumo mmoja wa kukokotoa, ambamo thamani ya alama hufuata nafasi yake kama tunavyofanya leo, ila kwa msingi wa 60.

Hapo ndipo lilipo jibu la mtoto. 60 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila baki. 100 inagoma kwa 3 na kwa 6. Wanafalaki wa Kigiriki, akiwemo Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2 baada ya Kristo, waliazima sehemu za sitini kwa Wababiloni, waliorithi hesabu za Wasumeri, ili kugawa nyuzi za duara. Saa ikafuata baadaye.

Vipimo vya uzito, vya fedha na vya shaba, navyo vilienda hivyohivyo: shekeli 60 ni mina moja, mina 60 ni talanta moja. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna barua ya udongo kutoka Ur, mji mwingine wa kusini mwa Iraki, ya mnamo 1750 KK. Nanni anamlalamikia mfanyabiashara Ea-nasir: aliahidiwa shaba nzuri, mjumbe wake akaonyeshwa mbovu na kuambiwa akitaka achukue, hataki aende zake. Dharau yote hiyo, asema, kwa ajili ya mina moja tu anayodaiwa, na hali ameshatoa talanta 18 za shaba ikulu kwa niaba ya huyohuyo! Tangu sasa atachagua mwenyewe, uani kwake, kipande kimoja kimoja. Mwonyeshe mumeo, atakuwa na wateja wa aina hiyo.

Wewe nawe una la kujivunia. Mtunzi wa kwanza ambaye jina lake limetufikia ni mwanamke, Enheduanna, kuhani wa Ur na binti wa mfalme Sargon, wa miaka ya 2300 KK hivi. Wapo wataalamu wanaobisha kama tenzi zote zile ni zake. Lakini hata ukimpa zote, mahesabu ya shayiri yalikwishamtangulia kwa karibu miaka elfu.