Ukikwama na Herufi Saba

Mchezo wangu wa kwanza wa Scrabble, ule wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni kwa vipande vya herufi, niliucheza klabuni Mombasa, na mpinzani wangu alikuwa mzee mmoja wa miwani, mpole kupita kiasi. Nilianza mimi. Kijibao changu, kile cha kupangia herufi saba za mchezaji, kilikuwa na A, E, I, N, R, S na T. Nikazikodolea macho dakika tatu nzima, nikaweka TRAIN, nikapata alama 12 na furaha tele. Tulipomaliza, mzee akaniuliza nilianza na herufi zipi. Akazitafuta moja moja, akazipanga mbele yangu: RETAINS. Akazivuruga, akapanga NASTIER. Kisha RETINAS, STAINER, STEARIN. Anayetumia herufi zake zote saba kwa mpigo huongezewa alama 50, kwa hiyo RETAINS pale pale katikati ya ubao ingenipa 66.

"Mwanangu," akaniambia, "Kiingereza unakijua. Macho ndiyo bado hayajafundwa."

Nimeyafunda macho yangu miaka mingi tangu siku hiyo, na ninyi mnaoanza sasa natamani msipoteze muda niliopoteza mimi.

Kwanza tambua jicho lako limezoea nini. Sisi tuliolelewa na Kiswahili tunatafuta silabi: ka-ri-bu, ma-ji, nyu-mba. Kila konsonanti tunaitafutia vokali ya kuishika mkono. Kiingereza hakina adabu hiyo. RHYTHM na LYNCH hazina A, E, I, O wala U hata moja, na ni maneno halali. Basi ukipata konsonanti nyingi usikimbilie kuzibadilisha na nyingine kwenye mfuko wa herufi. Zisogeze kwa vidole, ubandike CH pamoja, TH pamoja, CK, STR, GHT. Herufi zikishagusana, neno huanza kuonekana.

Lakini Kiswahili hichohicho kimekupa kipaji ambacho wengi hawakitumii. Tangu utotoni unajua kwamba neno lina mzizi, halafu lina vinavyoshikizwa mbele na nyuma: pika, pikia, pikiana, mpishi. Fanya vivyo hivyo kwenye kijibao. Ukiona I, N na G, zitenge upande wa kulia uzisahau kidogo. Fanya hivyo kwa ED, ER, EST na IER, na upande wa kushoto kwa UN, RE na OUT. Chukua herufi hizi: A, G, H, I, L, N, U. Ukizitazama zote saba pamoja ni takataka. Ondoa ING, zinabaki A, H, L, U. Herufi nne si kitu cha kukushinda: HAUL. Rudisha mkia, umepata HAULING. Jaribu nyingine: A, D, E, H, N, R, U. Tenga UN mbele, zinabaki A, D, E, H, R, nazo ni HEARD. UNHEARD, alama 50 za nyongeza hizo.

Nyumbani kuna kazi ya pili, nayo ndiyo iliyonibadilisha kuliko zote. Nunua daftari. Kila neno unalojifunza, liandike kwanza kwa kupanga herufi zake kwa mfuatano wa alfabeti, kisha neno lenyewe pembeni. INSTEAD inakuwa ADEINST. Baada ya miezi michache, kijibaoni unapanga herufi zako kialfabeti tu na neno linakuja lenyewe, kama jina la jirani. Anza na kundi la A, E, I, N, S, T, maana linakubali karibu kila herufi unayoliongezea. Ongeza D upate INSTEAD, G upate SEATING, M upate INMATES, Z upate ZANIEST. Ongeza H upate SHEITAN. Ndiyo, shetani yuleyule, yumo kwenye kamusi ya Collins tunayochezea Afrika Mashariki.

Na hapo niwape siri ya Q. Mgeni akiishika bila U huingiwa na baridi. Mswahili hana haja ya kuogopa, kwa kuwa maneno mengi ya Q isiyofuatwa na U yametoka Kiarabu, na ndugu zake tunaishi nao. QADI ni kadhi. WAQF ni wakfu. TALAQ ni talaka, FAQIR ni fakiri. Siku niliyoliweka WAQF mara ya kwanza, kijana niliyecheza naye alilipinga, tukaangalia kamusi, likakubaliwa, akapoteza zamu yake. Hali kadhalika U zikikujia tatu, kumbuka UHURU. UGALI imo, MATATU imo, ASKARI na PANGA pia.

Maneno ya herufi mbili yakariri yote tu, hakuna njia ya mkato. Ni zaidi ya 120, wiki tatu zinatosha.

Kuhusu programu za simu zinazokutafutia maneno: zitumieni, lakini baada ya jasho. Ziandike herufi kwenye karatasi, hangaika dakika tano nzima, ndipo uulize simu. Neno ulilolikosa baada ya kulitafuta kwa uchungu halikutoki tena. Neno ulilopewa bure jioni, asubuhi limeshaondoka. Na kabla ya kuamini programu yoyote, hakikisha inatumia orodha ya Collins, kwa sababu orodha ya Marekani ina maneno machache zaidi na itakuficha mengi.

Leo usiku, kabla hujalala, zitandaze hizi mezani: A, E, I, K, N, S, T. Usiguse simu.